Jinsi ya kuwa dansa wa kulipwa ukiwa na tatizo la kusikia: mwongozo kamili

Hii nimeiandika kwa dansa mwenye uziwi au usikivu hafifu anayetaka kulipwa, yaani video, matamasha, hotelini, harusi, kufundisha, sio wa kuitwa siku ya maadhimisho acheze dakika mbili apigiwe makofi ya huruma halafu apewe soda. Niseme mapema msimamo wangu: kwenye kazi hii shida kubwa sio muziki. Muziki una njia nyingi za kukufikia. Shida ni taarifa, kwa sababu madansa wanapeana kila kitu kwa mdomo, koreografa anaongea amekupa mgongo, DJ kabadilisha edit (toleo la wimbo lililokatwakatwa), meneja kasema saa kumi kwenye korido na wewe hukuwepo kwenye ile stori. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini ni namna ya kuhakikisha taarifa inakufikia kabla haijawa tatizo.

Hatua ya 1: Yajue masikio yako kwa karatasi, sio kwa kukisia

Nenda ukapimwe usikivu, hospitali za rufaa zenye kliniki ya masikio, pua na koo wanafanya, na uombe karatasi yenye grafu uondoke nayo. Grafu inasomwa hivi: kushoto ni sauti nene, kulia ni sauti nyembamba, kwa kawaida kuanzia 250 Hz (Hz ni mitikisiko kwa sekunde) mpaka 8,000 Hz, na kadri alama zako zinavyoshuka chini ndo inabidi sauti ipandishwe zaidi uisikie. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, wanahesabu kwamba ukizidi desibeli 35 kwenye sikio lako zuri, hapo tatizo ni la kuhitaji msaada.

Sasa kitu ambacho hawakwambii, maana wao wanawaza maongezi na sio dansi: kiki, yaani lile pigo zito la dramu kubwa, na bezi ya muziki wetu inakaa huko chini, kuanzia kama 40 Hz mpaka 200, nje kabisa ya upande wa kushoto wa ile grafu. Hakuna aliyekupima huko. Unaweza kuwa na grafu mbaya kweli kweli na bado bezi ukaipata, kwa sikio au kwa mwili. Na kuna watu wengi ni kinyume cha wanavyodhani, bezi wanaisikia vizuri lakini hihati (zile sahani za dramu), shekere (kibuyu cha shanga) na maneno ya mwimbaji hawayapati kabisa, kwa hiyo wakiambiwa ingia kwenye verse wanabaki wanaangaliana. Ukijua vyombo gani unavipata na vipi huvipati, unajua uning'inie kwenye nini.

Uliza pia kuhusu balansi. Sikio la ndani linabeba vitu viwili, kusikia na kujua mwili umekaaje, na baadhi ya visababishi vya uziwi, mfano homa ya uti wa mgongo au dawa kama gentamicin, vinaweza kuharibu vyote viwili. Jaribu mwenyewe ukiwa na mtu pembeni: simama mguu mmoja, fumba macho. Kama unayumba vibaya sana ukifumba lakini ukifumbua uko sawa, maana yake macho yako ndo yanakushikilia, na steji ikizimwa taa katikati ya mzunguko utaanguka. Hilo linarekebishika, unaomba taa moja ibaki, unapunguza mizunguko kwenye sehemu ya giza, ila lazima ulijue kabla.

Na kama siku moja usikivu umeshuka ghafla ndani ya siku moja mbili, usisubiri mpaka shoo ipite. Hiyo ni dharura, dawa zake zinafanya kazi ukiwahi.

Hatua ya 2: Mashine za masikio, kama unatumia

Wengine hawatumii na wala hawazihitaji kwenye dansi, ruka hii.

Kama unatumia, rudi kwa aliyekupangia umwambie wazi kazi yako ni muziki. Mashine za kisasa zimetengenezwa kwa ajili ya maongezi, zinapunguza kelele, na kwa akili ya mashine biti ni kelele! Ikisikia noti ndefu ya filimbi inadhani ni ule mlio wake yenyewe wa kupiga fidibeki, yaani sauti yake ikirudi kwenye maiki yake, inaanza kuikata, muziki unakuwa unayumba kama kanda ya zamani. Mwombe akutengenezee programu ya pili ya muziki: upunguzaji wa kelele uzimwe, kizuia fidibeki kipunguzwe, maiki zisikilize pande zote na sio mbele tu. Ni kazi ya kwenye kompyuta, wala sio kununua mashine mpya. Mkimaliza ijaribu palepale na wimbo unaoujua.

Jasho ndo adui. Mashine ikiandikwa IP68 maana yake imepimwa kwa vumbi na maji, lakini jasho lina chumvi na Dar au Mombasa hewa yenyewe ni maji matupu. Kila ukimaliza mazoezi futa, fungua mlango wa betri, ilaze usiku kwenye kopo lenye silika jeli (chembe za kunyonya unyevu), vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya vinasaidia ila vikishalowa vibadilishe. Betri ndogo za kawaida zinatambulika kwa rangi ya stika, 312 ni kahawia, 13 ni chungwa, na ukishabandua stika hewa imeshaingia, inaanza kuisha hata usipoitumia, kwa hiyo usizibandue zote kwa mkupuo. Tembea na akiba kwenye begi la kostyumu. Sprei ya nywele na pauda vipakwe kwanza, mashine iwe ya mwisho. Kuishikilia, tepu ya pande mbili ya wigi nyuma ya sikio, au uzi wenye klipu unaobana nyuma ya nguo, au hedibendi kama kostyumu inaruhusu.

Mwenye kifaa cha koklea, kile kinachopandikizwa sikioni kwa upasuaji, ambacho hospitali ya Muhimbili pale Dar walianza kuwawekea watu mwaka 2017, ni habari nyingine: kile kipande cha nje kimeshikwa na sumaku tu, kikiruka kimeruka, na kuzunguka kwa kichwa chini au kupiga kichwa sakafuni ongea na daktari wako aliyekupasua kabla hujaongea na koreografa.

Hatua ya 3: Jenga mdundo mwilini

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu.

Sakafu kwanza. Mbao inabeba mtikisiko, zege halibebi. Ukitafuta ukumbi wa mazoezi, kagua sakafu kabla ya vioo. Spika ya bezi ikae chini kwenye mbao yenyewe, isiwekwe juu ya stendi, vua viatu, utapata kiki kupitia nyayo na magoti. Ngozi inahisi mtikisiko vizuri kwenye 250 Hz hivi na kuelekea 1,000 Hz inaishiwa, kwa hiyo usijilaumu kwamba huhisi gitaa, hakuna anayelihisi kwa mguu. Evelyn Glennie, mpiga midundo wa Uskoti ambaye ni kiziwi, anajulikana kwa kupiga peku, na kafika mbali mno.

Ila tafadhali, tabia ya kulikumbatia spika uiache kama bado una usikivu wowote uliobaki. Kwa desibeli 85 kiwango kinachokubalika ni saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatika nusu, piga hesabu mwenyewe ukifika 100 unabaki na kama dakika 15. Ile bezi tamu haiji peke yake, inakuja na treble, zile sauti nyembamba, inayomaliza kilichobaki. Mwambie mtu wa mixer apunguze treble, au vaa vizibo vya masikio. Ndiyo, kiziwi anavaa vizibo, na mtikisiko unaendelea kuupata vilevile.

Halafu chagua muziki wa kuanzia kwa akili. Amapiano ni rafiki yako, iko karibu mapigo 110 mpaka 115 kwa dakika na ile log drum ni bezi tupu inayotembea, unaipata mpaka kifuani. Singeli ni balaa, spidi inavuka 200 na vitu vingi viko juu juu, hapo usijaribu kufuata kila pigo, shika pigo la nne nne na miguu iende kwa mazoea. Rumba la Kikongo lina mtego wake: ukifika kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha, mabadiliko yanaitwa kwa mdomo na atalaku, anapayuka jina la stepu na safu nzima inageuka, wewe umebaki kwenye ya zamani. Dawa yake ni kupanga na dansa aliye mbele yako, akisikia tu anarusha ishara kwa mkono upande unaouona. Na ngoma za asili, ambazo vijana wengi wanazidharau, kwa mtu asiyesikia ni shule bora kuliko studio yoyote, kwa sababu muziki unaonekana. Mpiga ngoma yuko mbele yako, mkono wake unauona ukipanda kabla haujashuka, njuga ziko miguuni mwako mwenyewe zinakutikisa, kwenye bugobogobo ya Wasukuma majembe yenyewe yanapigwa mbele ya macho. Anza huko hata kama lengo lako ni video za Bongo Fleva.

Zoezi la kila siku: metronomu (kipima mapigo) ya simu yenye mwanga au vibresheni, au ile ya kuvaa mkononi kama Soundbrenner ukiwa na uwezo. Cheza dakika moja nayo, ifunike, endelea kucheza sekunde 30, ifunue uone umepotea kiasi gani. Rudia mpaka upotevu uwe mdogo. Kwa wimbo wa 112, sekunde 30 ni hesabu za nane saba kamili (dansa anahesabu mapigo nane nane, kila fungu la mapigo nane ni "nane" moja), sio zaidi sio pungufu, na ukishaijua hiyo hata muziki ukikatika steji unamaliza sehemu yako wakati wenye masikio wamesimama wanaangalia DJ.

Kila wimbo wa kazi uchorewe ramani. Uingize kwenye programu ya kuhariri, Audacity ni ya bure, utaona mawimbi: pale yanaponenepa ni bezi imeingia, pale palipokonda ni breki. Andika kwenye daftari, intro nane mbili, verse nane nane, breki pigo nne, na kadhalika, na mwombe mtu anayesikia akuandikie pembeni maneno gani yanaimbwa wapi, maana kuna koreografa ambaye hahesabu namba, yeye anafuata maneno. Ukiwa unaangalia mawimbi huku unahisi spika, tumia waya, sio bluetooth. Bluetooth inachelewesha sauti kidogo na utajifunza kuchelewa.

Hatua ya 4: Ishara za steji

Kuna mifano mikubwa duniani ya watu waliofika. Gallaudet, chuo kikuu cha viziwi pale Washington, kina kundi lake la dansi tangu 1955. Nyle DiMarco alishinda Dancing with the Stars ya Marekani mwaka 2016, Rose Ayling-Ellis akashinda Strictly Come Dancing ya Uingereza 2021, na kwenye dansi moja aliyocheza na mwenzake muziki ulizimwa kabisa katikati wakaendelea bila kupoteza hesabu. Ila mfano ninaoupenda kwa kujifunza kazi ni wa Wachina, ile dansi ya Guanyin wa mikono elfu iliyoonyeshwa kwenye televisheni ya taifa sikukuu ya mwaka mpya wao 2005. Madansa 21 viziwi wamejipanga mstari mmoja, mikono inafunguka kama ya mtu mmoja. Siri yake haina uchawi, kuna watu wanaosikia wamesimama pembe nne za steji wanatoa hesabu kwa mikono. Yaani hata pale juu kabisa wanatumia ishara, kwa nini wewe wa Sinza uone aibu kuomba?

Kwa kundi la kawaida la watu watano sita huhitaji watu wanne pembeni. Unahitaji alama kila baada ya muda ambazo huwezi kuzikosa: mguso wa bega kwenye kupishana, mwenzako anapopiga magoti, taa inapogeuka nyekundu, pumzi ya pamoja mabega yakipanda. Weka alama moja angalau kila nane nne, zaidi ya hapo unaanza kuteleza taratibu bila kujua. Omba usiwekwe mstari wa mbele katikati kwenye wimbo ambao hakuna alama mbele yako. Watu wanadhani mbele ndo heshima, lakini mbele huoni mtu. Pembeni mstari wa pili unaona safu nzima kwa jicho la kona. Ukishaushika wimbo, ndo uombe mbele.

Hatua ya 5: Darasa na watu

Tanzania kuna TaSUBa pale Bagamoyo, chuo cha serikali, ngoma na dansi wanafundisha mpaka diploma, na Dar kuna Nafasi Art Space ambako wasanii wa aina zote wanakutana. Nairobi kuna vituo vya sanaa vya Sarakasi na GoDown. Popote utakapoenda muulize mwalimu vitu viwili kabla hujalipa: anaweza kuonyesha hesabu kwa vidole? Anakubali stepu zirekodiwe? Akisita kwenye hayo mawili tafuta mwingine.

Na lugha ya alama jifunze hata kama unasikia nusu. Vyama vya viziwi, CHAVITA kwa Tanzania, KNAD kwa Kenya, watakuelekeza. Sababu sio utambulisho peke yake. Kundi lenu likiwa na alama thelathini arobaini za kwenu, stepu, kushoto, rudia, polepole, kutoka mwanzo, mnaweza kuelekezana ukumbini muziki ukiwa juu kabisa, na utashangaa wanaosikia ndo watakuwa wa kwanza kuzitumia maana na wao kwenye kelele hawasikiani.

Hatua ya 6: Audishen (usaili wa madansa), useme kwamba husikii vizuri au usiseme?

Sema, na useme kwa maandishi, kabla. Najua wengi wanaficha wakiogopa kukatwa, na kweli kuna watakaokukata. Lakini ukificha, siku koreografa akibadilisha kitu kwa mdomo ukakosea, jina linaloenea mjini ni kwamba hujui kazi, na hilo ni baya kuliko kuitwa kiziwi. Usiandike historia ya ugonjwa wako. Andika mahitaji. Mfano:

"Habari dada, mimi ni dansa, nina usikivu hafifu. Nitaomba vitu vitatu: wimbo uleule mtakaotumia nitumiwe siku moja kabla, hesabu ya kuingia nionyeshwe kwa vidole, na mabadiliko yoyote yaandikwe kwenye grupu la WhatsApp. Video zangu ziko hapa chini, karibu uangalie."

Hapo kwenye wimbo uleule kaza kabisa. DJ akipandisha spidi kutoka 112 mpaka 114 mwingine hatashtuka, wewe uliyekariri mwilini baada ya dakika moja uko nyuma mapigo mawili. Video zako ziwe fupi, sekunde 60 hadi 90, kazi bora ianze, na iwepo sehemu moja unacheza na kundi ili waone unaendana na wenzako, hicho ndo kitu wanachokiogopa.

Hatua ya 7: Siku ya shoo

Fika saundi cheki, usikubali kuambiwa madansa waje baadaye. Tembea peku steji yote utafute wapi bezi inafika na wapi pamekufa, jukwaa la chuma na mbao za kukodi linatikisika vizuri, la zege sahau. Ongea na mtu wa taa kuliko unavyoongea na mtu wa sauti. Mkabidhi mtu mmoja tu jukumu la kukuita kuingia, mmoja kwa jina, kwa sababu jukumu la wote sio la yeyote. Simu iwe na vibresheni mfukoni mpaka dakika ya mwisho.

Hatua ya 8: Hela na makaratasi

Makubaliano ya mdomo kwako ni hatari mara mbili. Baada ya kila mazungumzo tuma meseji, "tumekubaliana shilingi kadhaa, advansi nusu, nauli juu yenu, mazoezi siku tatu", akijibu sawa una ushahidi. Mkataba mrefu usiusaini siku hiyohiyo, nenda nao. Kikao kikubwa omba mkalimani wa lugha ya alama, na gharama yake iingie kwenye bajeti ya tukio tangu mwanzo, maana ukiisema mwisho watakwambia hela imeisha.

Tanzania jisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, hoteli na matamasha makubwa wanauliza. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inazitambua kazi za koreografia, kwa hiyo stepu ulizotunga zirekodi zikiwa na tarehe. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 wanawake, 4 vijana, na 2 ni ya watu wenye ulemavu, hiyo 2 inatosha kuanzia spika na mbao za sakafu, uliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kenya pata kadi ya NCPWD, baraza la taifa la watu wenye ulemavu, upimwe kwanza kwenye hospitali ya serikali iliyoruhusiwa, halafu uombe KRA, mamlaka ya mapato, msamaha wa kodi, mapato hadi shilingi 150,000 kwa mwezi hayakatwi, na zabuni za serikali zina fungu la asilimia 30 kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, ambalo kundi lenu la dansi mkisajili kampuni mnaweza kuliomba kwenye hafla za kaunti.

Usitegemee shoo tu. Kuna shule za viziwi ambazo hazina mwalimu wa dansi, kuna wasanii wanataka video zenye lugha ya alama ndani ya koreografia na hawajui wamuulize nani. Bei ya kufundisha iweke kwa saa, ya koreografia iweke kwa wimbo, na marekebisho baada ya mara mbili yalipiwe.

Na mwaka ukiisha rudi ukapimwe tena, ulete ile grafu ya kwanza muilinganishe. Kama mistari imeshuka, punguza kazi za klabu kabla ya kupunguza nyingine.